Vidonge Vitamu na Kuhara kwa Isa

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini sukari ilikuwa bado haijarudi madukani Jinja. Nyumbani kwa Sulait, fundi baiskeli wa Nalufenya, chai ilitiwa vidonge vyeupe vya utamu, vidogo kama punje za mtama. Viliingia kutoka Kenya.

Asubuhi Sulait alikunywa, akakunja uso.

"Mama Isa, umetia vingapi?"

"Vitatu. Nilitaka uone utamu."

"Mbele tamu, nyuma chungu. Kama nimelamba spoku ya baiskeli."

Mama yake Sulait alicheka. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kisukari. "Leteni hapa kikombe chake. Mimi nimeshavizoea."

Siku hiyo Isa, mtoto wao wa mwaka mmoja, alianza kuhara. Ramula, mama yake, hakuogopa. Kliniki walimfundisha maji ya chumvi na sukari. Alichemsha maji, akayapoza, akatia chumvi. Sukari hakuna, basi akatia vidonge. Akaonja. Matamu. Akamnywesha mtoto.

Kesho yake Isa alikuwa amelegea. Macho yamezama. Analia, machozi hayatoki.

Ramula alimwita jirani yao Nabifo, muuguzi wa kliniki aliyetoka Mbale.

"Umemnywesha nini?"

"Maji yale mliyotufundisha."

Nabifo akaonja. "Hivi ni vidonge."

"Si utamu ni utamu, dada?"

"Ulimi unadanganyika, utumbo haudanganyiki. Wataalamu wamevichunguza. Vina utamu, sukari hamna. Kwa mama mkwe wako vinafaa, maana havimpandishii sukari. Lakini mtoto akihara, sukari ndiyo inayosaidia maji na chumvi kuingia mwilini. Bila sukari, mengi yanapita tu."

"Bambi, mtoto wangu," Ramula akasema kwa huruma.

"Bado ananyonya na kunywa. Tukiwahi, atapona. Akishindwa kunywa, au akihara damu, tunakwenda hospitali papo hapo. Sasa mnyonyeshe. Sulait, kimbia sokoni Bugembe ulete sukari guru."

Sulait alisita. Sukari guru ni vibonge vya kahawia vinavyopikwa kwa maji ya miwa. Wapika waragi, ile pombe kali ya kienyeji, ndio waliovinunua sana.

"Mimi Muislamu, watu wanione nabeba vile?"

"Waragi iko kwa pipa la mpishi, haiko kwa kibonge," mama yake akasema. "Panda baiskeli."

Huko Bugembe, muuzaji aliitazama kofia ya Sulait. "Sheikh, na wewe umeanza kupika?"

"Nimeanza. Mlevi wangu ana mwaka mmoja."

Soko likacheka. Sulait naye akacheka, akakanyaga pedali mpaka nyumbani.

Nabifo aliponda kibonge kikawa unga. "Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Vijiko sita vya chai vya sukari, visawazishwe. Chumvi, nusu ya kijiko hichohicho. Onja kwanza: yakizidi chumvi ya machozi, mwaga, anza tena. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kidogo, kisha endelea."

Isa alikunywa kutwa nzima. Baada ya kila kijiko alifungua mdomo kama kifaranga.

Ijumaa Sulait alivaa kanzu nyeupe kwenda msikitini. Alimnyanyua mtoto kumuaga. Kanzu ikalowa kuanzia kifuani mpaka chini.

Ramula na Nabifo, aliyekuja kumtazama mtoto, wakapiga vigelegele.

"Mnashangilia mkojo?" Sulait akauliza.

"Maji yamekaa mwilini mpaka yanabaki ya kumwaga," Nabifo akasema. "Mtoto amepona huyo."

Sulait aliitazama kanzu, akamtazama Isa aliyekuwa anacheka.

"Basi Mama Isa, lete ile kanzu nyingine. Na hiyo anikojolee."