Gramu Mia na Hamsini

Siku ya kufungua balo la mitumba sokoni Kongowe, Kibaha, hata mwenye msiba husogea kuchungulia. Jumatano ile, kisu kilipopasua nailoni ya balo la vyombo na midoli, watu walikuwa wamebanana kama wako ngomani. Mwanamvua mama ntilie, ambaye hakuna jambo la soko hili lililowahi kumpita, aliacha chapati zinaungua ili ashuhudie.

Mtu mmoja tu hakuwa na habari na balo. Kijana mrefu, ovaroli la bluu lenye vitundu vya cheche kifuani, alikuwa amekaa benchini kwa Mwanamvua akisubiri maharage. Ghafla akainuka, akaondoa kifuniko juu ya bakuli la kachumbari, akakigeuza, akakifuta kwa mkono wa ovaroli na kusoma maandishi ya chini.

"Mia na sabini na tano!" akasema, macho yamemtoka.

"We kaka, unaisomea nini kachumbari yangu?" Mwanamvua akarudi mbio, mwiko mkononi.

"Dada, hiki umekipata wapi?"

"Kwa Siwema, yule mwenye dera la zambarau. Anavyo gunia zima. Sisi tunafunikia, wengine wanawekea kuku maji. Kwani ni dawa?"

Kijana alishafika kwenye meza ya Siwema na kifuniko kile, kisahani chekundu kinachonuka kitunguu.

Siwema alimpima toka kwenye buti mpaka kwenye nywele. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na nane, mtandio umefungwa kwa nyuma kikazi, bangili za shaba mkono mmoja, na mdomo ambao wateja wabishi walikuwa wanauogopa.

"Kifuniko kikishatumika hakirudishwi," akasema kabla hajaulizwa.

"Sirudishi. Nataka nione vingine. Ila naomba nivishike kimoja kimoja."

"Kaka, hivi ni visahani au ni wachumba?"

Soko likacheka. Kijana naye akacheka, akachuchumaa kwenye gunia. Jina lake Mwinyimadi, wengi wakimwita Madi, fundi wa kuchomelea wa Kisarawe. Miaka minne nyuma mwalimu mmoja wa kigeni alimpa kazi ya kutengeneza vikapu tisa vya minyororo juu ya nguzo, vikasimikwa kwenye shamba la mikorosho nyuma ya karakana. Mwalimu alirudi kwao, mchezo ukabaki: unarusha kisahani toka mbali, unahesabu mara ngapi mpaka kiingie kikapuni. Jumapili wanakusanyika watu ishirini, na kila mmoja analilia visahani.

"Hivi vyenye ukingo mkali ndiyo draiva, vya kwenda mbali," akamweleza Siwema, anavipanga juu ya meza kama daktari wa kuku. "Huku chini kuna uzito. Hapa juu kuna namba nne. Ya kwanza kasi, ya pili kuelea. Ya tatu inakwambia kitaanza kwa kupinda kulia kiasi gani, ya nne kitamalizia kushoto kiasi gani. Hiyo ni kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, kama mimi."

"Na hiki kinachong'aa, unaona mpaka upande wa pili?"

"Hiyo ni plastiki ghali. Ukipige kwenye mti mwaka mzima, tabia ni ile ile. Hiki cheupe ni plastiki rahisi, kinashika mkono vizuri, hakitelezi hata ukiwa na jasho. Lakini kikigonga mikorosho miezi sita kinalegea, kinaanza kukimbilia kulia."

"Kumbe kama wanaume," Siwema akasema. "Vikishachakaa kidogo tu, vinakimbia."

Madi alimtazama, kisha akasema polepole, "Mimi ni wa plastiki ghali, dada."

Mwanamvua, aliyekuwa amesimama hatua tatu nyuma akijifanya anachagua kijiko, aliitangaza sentensi hiyo soko zima kabla ya adhuhuri.

*

Ilianza kwa picha. Kila balo likifunguliwa, Siwema alikuwa anapiga simu.

"Madi, vimekuja sita."

"Nipigie picha mgongo."

"Wa nani?"

"We mwanamke, wa kisahani!"

"Haya, sema vizuri. Watu wako hapa."

Watu walikuwepo kweli, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu.

Jumapili moja alikwenda Kisarawe kwa gauni la kitenge na viatu vya kupendeza ambavyo mchanga ulivimaliza. Madi alimpa kisahani cha gramu mia na hamsini na mbili, plastiki laini, namba ya nne sifuri. "Hiki ni cha anayeanza. Chepesi, kinakwenda chenyewe, hakihitaji nguvu." Yeye mwenyewe alirusha Nyekundu, kile cha kachumbari. Kilitoka kama kimefyatuliwa, kikainama kulia kidogo, kikanyooka, kikashuka kushoto taratibu na minyororo ikalia.

"Mkono ukiwa dhaifu," akamwambia, "kila kisahani kinaanguka kushoto mapema. Mwanzoni usikilaumu kisahani. Laumu mkono."

Siwema alirusha. Kikaanguka kushoto, hatua kumi. Didas, mchezaji mwenzake Madi na mtani wake mkubwa, akapiga kelele, "Shemeji, hicho umekitupa au umekiacha?"

Hapo neno shemeji likawa limeshatoka.

Lakini Siwema alikuwa ameachika. Mume wa kwanza alimweka Kongowe huku ana nyumba nyingine kule Msimbu, mke na watoto wawili, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Baba yake, Mzee Matano, mkulima wa upande wa Mlandizi, aliumia kuliko yeye. "Yule mwongo nilimpa mkono wangu mbele ya watu," alikuwa anasema. "Mara ya pili sitautoa mpaka niushike kwanza mkono wa anayeposa nikaujua."

Siku Madi alipokwenda na wazee wake kuposa, Mzee Matano aliushika mkono ule wenye sugu na makovu ya moto, akaubana, naye akabanwa. Wakakaa hivyo mpaka wazee wakaanza kukohoa. "Huyu ana mkono," mzee akasema. Ndoa ikapangwa mfungo mosi, mara tu baada ya Idi.

*

Katikati ya Rajabu, Madi alilalamika. "Nyekundu imechoka, mpenzi. Imekuwa nzito. Nitafutie ya mia na sitini na tano."

Siwema akamtafutia. Baada ya wiki mbili: "Hiyo inateleza. Nipatie plastiki inayoshika." Akampatia. Mwezi wa Shaabani: "Kuna ya mia na hamsini? Laini, namba ya nne iwe sifuri?"

Siwema alikata simu akabaki amekishika kisahani.

"Ya ngapi?" Mwanamvua akauliza toka kibandani kwake. Masikio yake hayakuwa na likizo.

"Mia na hamsini."

"Wewe ulipoanza alikupa ya ngapi?"

"Mia na hamsini na mbili."

Mwanamvua aliacha mwiko sufuriani, akavuka mpaka mezani. Kisha akakaa, akajifunga kanga upya. "Mwanaume wa mia na sabini na tano hachezei mia na hamsini, shoga yangu. Kuna mwanafunzi mpya. Na unamtafutia wewe vifaa."

Siwema hakulala raha tena. Akaanza kuhesabu mengine. Madi alikuwa ameacha kuandika ujumbe, siku hizi anatuma sauti fupi fupi. Simu za picha hataki. Akipigiwa, mara simu inaanguka, mara inakatika. Kongowe hakuja mwezi mzima. Mume wa Msimbu alianza hivyo hivyo.

"Madi, visahani vyepesi ni vya nani?"

Simuni Madi akaanza kuuliza hali ya soko.

"Nimekuuliza kistaarabu. Unamfundisha nani?"

"Siwema, niache kidogo."

"Nani anakushikia simu? Mbona huandiki? Umekatwa vidole?"

Alimsikia anavuta pumzi. "Fikiria unavyotaka," Madi akasema. "Pengine ni afadhali."

*

Kesho yake asubuhi alifunga meza, akavaa baibui jeusi na raba za kukimbilia, Mwanamvua akampakia maneno ya kumtukania huyo mwanamke mpaka akatosheka. Alibadilisha magari matatu. Karakana ya Kisarawe ilikuwa imefungwa, mchana wa Jumanne.

"Yuko wapi?" akamuuliza Didas, aliyekuwa barazani peke yake. Kwa mara ya kwanza Didas hakutania. Alionyesha kwa kidevu, shambani.

Siwema alipita kwenye mikorosho kwa kunyata, matusi yamejaa mdomoni. Akamwona. Madi alikuwa peke yake. Hakuvaa buti, alikuwa na kandambili. Vifungo vya shati vilikuwa wazi vyote. Chini miguuni visahani saba vimepangwa, kila kimoja ameletewa na Siwema: plastiki ghali, plastiki rahisi, vizito, vya kati, vyepesi.

Alirusha cha mia na hamsini. Kikaanguka kushoto, hatua ishirini.

Akainama, akaokota Nyekundu kwa mikono miwili. Siwema alikijua kisahani kile kuliko bangili zake. Kilikuwa kimegonga miti ya ugenini kabla ya balo na mikorosho hii baada ya balo, ukingo wote umeliwa. Kisahani kilichochakaa vile kinakimbilia kulia, hakina pengine pa kwenda. Madi alimfundisha mwenyewe.

Madi alirusha. Nyekundu ikaenda hatua sita, ikaanguka kushoto kama sahani iliyomponyoka mtu mezani.

Matusi yote yalimtoka Siwema bila sauti. Hapakuwa na mwanamke. Angempata mwanamke, angejua la kumfanya.

"Si kisahani," akasema.

Madi aligeuka. Hakushtuka, alichoka tu. "Ndiyo. Si kisahani."

Siwema alimsogelea, akaushika mkono wake wa kulia. Kati ya gumba na kidole cha shahada, palipokuwa na nyama, palikuwa na bonde. Chini ya ngozi ya mkono kitu kilikuwa kinachezacheza chenyewe, kinatulia, kinacheza tena.

"Nilikulaumu wewe," Madi akasema. "Nilidhani unaniletea feki. Nikabadilisha plastiki, nikabadilisha uzito. Siku moja kishikio cha mashine ya kuchomelea kikaniponyoka, nusura nimuunguze Didas. Ndiyo nikaenda mjini, hospitali."

"Wakasemaje?"

"Mishipa ya fahamu inakufa, na misuli inaifuata. Huu mkono kwanza, halafu huo mwingine. Halafu miguu. Mwisho pumzi. Dawa hakuna. Miaka miwili, mitatu, Mungu akipenda zaidi."

Kunguru walikuwa wanagombania kitu juu ya bati la karakana. Siwema aliona vifungo vya shati, akaanza kumfunga kimoja kimoja, toka chini.

"Ungenificha mpaka lini?"

"Mpaka unichukie. Mwanamke akimchukia mtu anaolewa kwingine."

"Mimi nimeshawahi kuchukia. Haikunisaidia chochote."

"Baba yako nitampa mkono gani, Siwema? Mbele ya watu? Alisema anautaka anaoujua."

Siwema alimaliza kifungo cha juu, akakipapasa, akakaa chini mchangani na kulia kwa sauti, baibui limejaa majani ya mikorosho.

*

Kwa baba yake alikwenda mwenyewe, akaeleza yote bila kupunguza. Mzee Matano alisikiliza, akachukua jembe, akaenda shambani. Siku mbili alishinda huko akilima. Siku ya tatu akauliza tu, "Unajua utamlisha kwa kijiko?"

"Najua, baba."

"Unajua utabaki mjane?"

"Najua."

"Na bado?"

"Bado, baba."

Mzee alirudi shambani.

Mfungo mosi ukafika na hakuna aliyejua mzee ameamua nini, maana hakukataza wala hakuruhusu. Nyumba ilijaa. Kongowe nzima ilihamia upande wa Mlandizi, Mwanamvua mbele, amevaa gauni la kijani linalometameta na aibu ambayo hakuizoea. Siwema alikuwa chumbani, hina mikononi, anasikiliza kupitia pazia.

Madi aliketi mkekani, kanzu nyeupe, kofia imemkaa vizuri. Didas ndiye aliyemvisha. Sheikh akamaliza hotuba, akasema, "Walii na bwana harusi, peaneni mikono."

Madi aliinua mkono wa kulia. Ulifika katikati, ukaanguka mkekani, kiganja juu.

Watu wa nyuma wakainuka ili waone. Mtu alianza kunong'ona, akafinywa.

Mzee Matano aliutazama mkono ule pale chini. Kisha akauokota kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya goti lake, akaubana kama siku ile ya posa. Safari hii hakubanwa. Machozi yalikuwa yanamshuka ndevuni na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini.

"Naujua huu mkono," akasema. Sauti ilifika mpaka pazia. "Mwinyimadi, nimekuoza binti yangu Siwema kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa," Madi akasema.

Vigelegele vilianza, na hakuna aliyejua kama ni vigelegele au ni kilio. Mwanamvua alifanya vyote viwili.

*

Mkono wa kushoto ulianza kabla ya vuli. Miguu ikafuata masika ya mwaka wa pili, kisha maneno.

Jumapili jioni Siwema alikuwa anamsukuma kwenye kiti mpaka mwanzo wa uwanja, anamfunika shuka magotini, anamshikia draiva mbili mbele ya uso, moja kila mkono. Madi anatazama upepo kwenye majani. Kisha macho yake yanahamia kwenye moja, yanaganda pale. Ndiyo hiyo atakayoirusha Siwema.

Jumapili ya mwisho aliyokuja uwanjani, macho yalichagua Nyekundu.

"Hii? Ya gramu mia na sabini na tano? Kwa mkono wangu?"

Macho hayakuhama.

Siwema alivua bangili, akarusha kwa nguvu zake zote. Ikaenda hatua kumi na tano, ikaanguka kushoto, mbali kabisa na kikapu. Aligeuka akamkuta Madi anamtazama, na kwenye pembe za macho, mahali pekee palipokuwa bado pake, alikuwa anacheka.

"Usinicheke," Siwema akasema, anajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Najua. Si kisahani."

Akaenda kuiokota.