Milamula ya Mzee Kashaija

Katika shule ya Mwalimu Elpidius, kule Ihanda, siku haikuanza kwa hesabu. Wanafunzi walipokwisha kufagia uwanja na kupanga mistari, mmoja wao aliitwa mbele kutoa "jambo la leo". Liliweza kuwa neno geni, habari ya kale au jambo lolote la dunia ambalo wenzake hawakulijua. Likipendeza, alipigiwa makofi. Mmoja wao, msichana aitwaye Kokuhirwa, aliyapenda makofi hayo kuliko ndizi na maharage, na ndizi alizipenda kwelikweli.

Mambo yake aliyapata kwa bibi yake, Kemirembe. Lakini bibi hakuwa mtu wa haraka. Kwanza umenye ndizi, uchote maji, utulie, ndipo aanze kusimulia, tena kwa Kinyambo, polepole. Jioni moja ya mvua Kokuhirwa alichoka kusubiri, akaenda kulala. Kesho yake akaitwa mbele, naye hana kitu kichwani. Macho yake yakaangukia milamula mitatu nyuma ya shule, ile miti myembamba yenye majani marefu ambayo watu wa huko huipanda kuweka alama ya mpaka au ya jambo lisilotakiwa kusahauliwa.

Basi akasema, bila hata kupepesa macho, kwamba miti ile ilipandwa na wapagazi wa zamani waliopita na pembe za ndovu, kuonyesha mahali pa kupumzikia. Eti siku hizi haina kazi tena. Makofi yakalia. Mwalimu Elpidius, ambaye alikuwa mgeni kutoka Bukoba, alikuwa akitafuta mahali pa kupanua bustani ya shule. Akamuuliza kama ana hakika.

"Bibi ndiye aliyeniambia," Kokuhirwa akajibu. Ulimi hauna mfupa.

Juma lilelile milamula ikakatwa, matawi yakatupwa uani, ardhi ikapigwa jembe juujuu na kupandwa maharage. Kokuhirwa alilima pamoja na wenzake, akikwepa kuyatazama matawi yale.

Maharage yalipoanza kuchipua, asubuhi moja wanafunzi wakiwa mistarini, akaja mzee mmoja kwa miguu kutoka Isingiro. Jina lake Kashaija. Zamani shamba lile lilikuwa lake, kabla hajahama na kuwaachia watu wajenge shule, na kila mwaka alirudi kulitazama. Siku hiyo alisimama katikati ya maharage akigeuka huku na huku, kama mtu aliyepotea kwake mwenyewe. Mwisho akamwambia mwalimu kwamba mwaka wa ndui alizika watoto wake watatu mahali pale, na kila mmoja alimpandia mlamula kichwani pa kaburi.

Mwalimu aliweza tu kusema kwamba aliambiwa miti ile ni ya wapagazi. Hakumtaja aliyesema, wala hakugeuka kumtazama. Kokuhirwa angeweza kunyamaza, na yote yangemwangukia bibi kizee asiye na hatia. Alitoka mstarini, akapiga magoti.

"Shikamoo, babu. Ni mimi niliyesema. Bibi hakuniambia kitu. Nilitunga."

Mzee hakumgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko fimbo.

Bibi Kemirembe alipopata habari alisikitika sana, maana jina lake lilikuwa limetumiwa kubeba uongo. Hata hivyo alikuja, akimwegemea mjukuu wake begani. Akawaeleza kwamba mzizi wa mlamula una rangi ya chungwa, na haufi upesi. Waache jembe, wafukue kwa mikono. Wakafukua, mwalimu pamoja na watoto, mpaka wakauona mzizi wa kwanza, kisha wa pili. Wa tatu hawakuuona. Mvua ilianza kunyesha, Kokuhirwa akazidi kufukua huku akilia, hadi mzee akamshika mkono.

Waliokota matawi yaliyokuwa bado mabichi, wakayachomeka penye mizizi. La tatu Mzee Kashaija alilichomeka kwa kukisia.

"Huyu ndiye mdogo wao," alisema. "Alikufa kabla hajapewa jina. Alikuwa na mti tu. Sikiliza, mjukuu wangu. Asiyejua, akiuliza, atajuzwa. Lakini wewe ulitunga, na wanangu umewazika mara ya pili."

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Elpidius aliwaambia wanafunzi kwamba yeye pia alikosa. Aliipenda habari kabla ya kuwauliza wenyeji. Tangu siku hiyo, asiye na jambo aseme "Sijui, nitauliza", arudi mstarini, na asichekwe. Maarifa yasiyoulizwa kwa wenyewe, alisema, yanaweza kubomoa kuliko ujinga.

Kisha akamwita Kokuhirwa. Naye akasimama mbele, akasema jambo la leo ni majina ya watoto wa Mzee Kashaija, aliyoyauliza kwake mwenyewe. Wa kwanza anaitwa Kahigi. Wa pili Kokushubira. Wa tatu hana jina, na mahali alipolala hapajulikani tena.

Hakuna aliyepiga makofi, naye hakuyangoja.