Barua ya Theodosia kwa Benki

Nyumba ya Theodosia pale Heru Juu, Kasulu, ilikuwa ya matofali ya kuchoma. Aliijenga mwenyewe baada ya kufiwa na mume, kwa kuuza maharage na mihogo. Chumba kimoja alimpangisha Elieth, karani wa mahakama aliyehamishiwa huko kutoka Mbeya.

Mwaka 2012 Theodosia alikopa benki, akanunua mashine ya kusaga. Nyumba aliiweka rehani, yaani benki ilishika hati yake mpaka mkopo uishe. Alilipa kila mwezi bila kukosa. Marejesho mawili ya mwisho aliyalipa tawi la Kibondo, alipokwenda kumuuguza dada yake.

Alitarajia kurudishiwa hati. Badala yake, Machi 2014, ikaja barua. Theodosia aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Benki ilisema hajalipa miezi miwili. Asipolipa ndani ya siku sitini, nyumba itauzwa.

Sasa, kwao mtu haendi kuomba mikono mitupu. Akajitwika kikapu cha maharage, akaenda kwa ofisa wa mikopo.

"Ahsante, mama. Nitafuatilia. Njoo wiki ijayo."

Akaenda tena na kikapu kingine, akaambiwa yale yale. Aliporudi mara ya nne, Elieth alimkuta uani akilia.

"Mama, kuna nini?"

Theodosia akamweleza yote. "Yewe mwanangu, wale ni wakubwa. Mimi ni nani nibishane nao?"

"Wewe ni mteja wao. Risiti za Kibondo unazo?"

"Zimo sandukuni, zote."

Elieth akashindwa kuzuia kicheko. "Mama, umepeleka vikapu vinne vya maharage, barua hujapeleka hata moja! Maneno ya mdomo hayaachi ushahidi. Mwandikie meneja malalamiko yako. Ambatisha nakala za risiti, lakini risiti zenyewe usimwachie mtu. Nakala ya barua igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo. Wasipojibu, tutapanda ngazi ya juu."

"Basi niandikie."

"Kuandika unajua. Andika, mimi nitaisoma."

Theodosia alishinda na kalamu mchana kutwa. Herufi zilipinda, lakini kila jambo lilikuwemo. Kesho yake aliingia benki kichwa juu, bahasha mkononi, na hakuondoka mpaka muhuri umegongwa.

Siku ya tisa meneja akamwita.

"Mama, fedha zako ziliingizwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Tumesahihisha, hudaiwi chochote. Samahani sana."

Zamani Theodosia angeshukuru na kwenda zake.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Sasa hayo uliyosema, niandikie. Unipe na hati yangu, na barua ya kuondoa rehani niipeleke ofisi ya ardhi."

Meneja alimtazama, kisha akavuta karatasi.

Jumapili, wanawake wa kikundi chake walijaa uani kwake kutaka kuiona hati. Ilipita mkono kwa mkono. Jirani yake Pelagia akauliza, "Ulimpata mkubwa gani wa kukusemea?"

Theodosia alikaa vizuri kwenye kiti chake, mbele ya nyumba yake.

"Niliwaandikia mwenyewe," alisema, "nao wakanijibu."