Ukuta wa Njia Nyepesi

Mama mmoja mwenye kofia pana alimkatiza Chiriku katikati ya maelezo.

"Samahani dada, hayo umeshatuambia."

Chiriku akacheka. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwatembeza wageni katika mji wa kale, kuanzia lango la soko hadi ukingo wa maji, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana wenzake ofisini walimbatiza Chiriku.

"Nimewaambia saa ngapi, mama? Ndiyo kwanza tunaingia uchochoroni."

"Sasa hivi. Ulikuwa kule mbele, tukakusikia ukieleza habari za birika."

Wageni wengine wakaitikia kwa vichwa. Chiriku akatazama mbele. Palikuwa na kiua kidogo tu kati ya nyumba, na katikati birika la mawe, kavu kama kiganja. Hata hivyo kiua chote kilinuka maji yaliyolala. Na yeye hakuwa ametangulia popote. Alikuwa nyuma ya wote, amemshika mkono mzee wa fimbo.

Njia ile ilikuwa na wiki tatu tu. Ile ya zamani ilizunguka kwa ngazi sitini na mbili, na Meneja wa ofisi alitaka njia nyepesi ya dakika arobaini, isiyo na ngazi hata moja, ili mwenye fimbo na mwenye kigari cha mtoto wapite bila kutokwa jasho. Kilichomzuia ni ukuta mmoja mnene uliofunga uchochoro na kukificha kile kiua. Akaamuru ubomolewe. Mama Vifungo, aliyeuza vifungo na nyuzi katika kiduka kilichoegemea ukuta huo, na ambaye watu walimwendea pia wakisumbuliwa na majini, alimfuata hadi ofisini.

"Ule ukuta haukujengwa kuzuia watu wasipite, bwana. Umejengwa kumzuia aliyemo ndani asitoke."

Meneja akamwambia arudi kwenye vifungo vyake. Kazi akapewa fundi mwashi ambaye ndiye mume wa Chiriku.

Tangu siku ya mgeni mwenye kofia, sauti ile haikukosa. Kila Chiriku alipofika uchochoroni, sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshaanza kusema, mzaha kwa mzaha, pumzi kwa pumzi, hata kikohozi chake kidogo kabla ya kutaja mwaka. Kisha ikaanza kuongeza ya kwake. Ilimwambia bibi harusi mpya kwamba mumewe hatamaliza mwaka. Ilimwita kwa jina mtoto ambaye mgeni mmoja alimzika zamani, ikamwomba mgeni huyo ashuke birikani amfunike mwanawe. Mgeni yule alimzaba Chiriku kofi mbele ya kundi zima.

"Umeanza kuwatukana wageni?" Meneja alimuuliza, huku akizipanga barua za malalamiko juu ya meza.

"Si mimi, bosi. Funga njia ile. Nakuomba kwa mara ya nne."

"Si wewe? Wageni wote wanaijua sauti yako, na wewe hujui ni ya nani?"

Alitaka kumjibu jibu la kumtosha, lakini sauti ilimtoka nyembamba, inakwaruza kama mlango wenye kutu. Kila alipopita uchochoroni alirudi na sauti pungufu. Akatoka ofisini hasira zimemkaba, na hana hata pa kuzitolea.

Nyumbani alimkuta bintiye wa miaka sita ameketi mlangoni pa jikoni, anatabasamu. Sakafu ya jikoni ilikuwa imelowa. Harufu ya maji yaliyolala ilimpokea Chiriku kabla ya mtoto.

"Mama, umetokea mlango gani? Si ulikuwa humu ndani unaniimbia?"

Mumewe akatokea chumbani, akaganda. "Mimi pia nimekusikia," alinong'ona. "Nimekuuliza habari za kazi, ukanijibu."

"Nilijibu nini?"

"Kwamba kesho utampeleka mtoto kutembea."

Chiriku alimvuta hadi nje. Alinong'ona kwa sababu hakuwa na zaidi ya mnong'ono, lakini ule mnong'ono ulikuwa na meno. "Wewe ndiye uliyebomoa. Niambie ulichokiona."

Fundi akainamisha kichwa. "Sikuona kitu. Nilisikia. Ilipobaki mistari miwili ya mawe nilitaka kuacha, nikaweka nyundo chini. Nikasikia sauti ya marehemu baba kutoka upande wa pili. Ikaniambia, 'Piga, mwanangu, umebakiza kidogo.' Nikapiga."

"Na ukanyamaza! Wiki zote hizi unanitazama nikipita pale na wageni, umenyamaza!"

Fundi akachukua tambara, akaingia kukausha sakafu.

Kesho yake aliwaonya walimu wasimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote ila yeye. Saa saba mchana alipofika kumchukua, mwalimu alimshangaa. "Mbona umeshamwita mwenyewe? Nimekusikia getini kwa masikio yangu, nikamfungulia."

Chiriku hakusubiri la pili. Alikimbia, akalipita lango la soko na watu wakimpisha, akaipita misikiti miwili na duka la vitabu, akaipita mishale ya rangi ambayo ofisi yake ilichora chini ili wageni wasipotee, na kila mshale ulimwonyesha kule kule ambako hakutaka kufika, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyoisikia sauti yake mwenyewe ikiimba, tamu, nzima, haina mkwaruzo wowote, ikimwimbia mwanawe wimbo ambao yeye hakuufundishwa na mtu wala hakuwahi kuuimba, na miguu yake iliyouzoea mji ule kwa miaka ikaanza kujikwaa kana kwamba mawe yalikuwa yakiinuka kumzuia.

Mtoto alikuwa ndani ya birika kavu, nywele zinachuruzika maji. Mama Vifungo alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, amemshika kifundo cha mkono, anasaga meno. Kitu kisichoonekana kilimvuta mtoto kutoka upande wa pili.

Chiriku alifungua kinywa kupiga kelele. Hakukutoka kitu. Basi akaruka ndani, akamkumbatia mwanawe, akaanza kukipiga mateke kile kisichoonekana, teke baada ya teke, kwa hasira ya wiki zote zile, ya barua, ya kofi, ya radhi aliyostahili kuombwa na asiombwe, mpaka kikaachia.

"Mtoe huyo mtoto, mpe baba yake," Mama Vifungo alisema akihema. "Ukuta urudi leo, kabla jua halijazama, kwa mikono ile ile iliyoubomoa. Nani alipiga nyundo ya kwanza?"

Fundi, aliyekuwa ameitwa na majirani, akajibu, "Meneja. Alipigwa picha."

"Basi aletwe. Na sikilizeni. Wakati wa kujenga, asiseme mtu, kwa sababu atakayetangulia kusema ndiye atakayechukuliwa sauti. Jini huyu habebi sauti mbili." Akamgeukia Chiriku. "Kwa sasa amebeba yako, mwanangu. Tukimfungia nayo, imekwenda. Utakuwa bubu."

Chiriku aliutazama mkono wa mwanawe, alama za vidole virefu zikiwa bado nyekundu. Akanyoosha kidole kwenye mawe. Jengeni.

Yeye mwenyewe alikwenda ofisini. Kwa kuwa hakuweza kueleza, alimkamata Meneja kwa tai akamkokota njia nzima, mshale kwa mshale, na hiyo ndiyo siku pekee Meneja alipoitembea Njia Nyepesi mwanzo hadi mwisho.

Alipokabidhiwa jiwe na kuonywa asitoe neno, akalipachika, kwa woga wa macho ya Mama Vifungo zaidi kuliko wa kitu kingine. Walijenga kimya. Upande wa pili sauti ya Chiriku ilibembeleza, ikalia, ikaomba. Ulipobaki mwanya wa jiwe moja, Meneja akajifuta saruji vidoleni, akashindwa kujizuia.

"Upuuzi mtupu! Kesho naleta mafundi wengine, naubomoa tena!"

Sauti ya ndani ikakatika. Chiriku akahisi koo lake linafunguka kama bomba lililozibuliwa.

Kisha kutoka ndani ya mwanya: "Fundi! Msinifungie! Niko huku, jamani, kuna giza!"

Ilikuwa sauti ya Meneja. Meneja mwenyewe alikuwa amesimama kando yao, kinywa kinafunguka na kufungika, hakitoi hata pumzi.

Fundi akalishusha jiwe. "Mke wangu, huyu ni mtu."

"Mtu amesimama hapa nje," alisema Chiriku. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mchana ule. "Tukifungua tuitoe hiyo sauti, na jini mwenyewe anatoka. Lete."

Akalichukua jiwe, akaliingiza, akaligonga kwa kisigino cha mwiko mpaka likakaa. Kelele za ndani zikafifia, zikawa kama za mtu aliye mbali sana, chini ya maji.

Meneja akapiga magoti, akaanza kuukwangua ukuta kwa kucha, machozi yakimtiririka.

"Toa mikono, bosi," Chiriku akamwambia. "Saruji haijakauka."