Sifuri Tatu za Liberatus

"Kambale katoka topeni. Narudia, kambale katoka topeni."

Tumpe alipiga kiki kabla redio haijanyamaza. Yamaha ilinguruma, ikaruka tuta la mfereji na kuacha vumbi la Rujewa likielea nyuma yake.

Saa nne na robo asubuhi. Jua la Oktoba lilikuwa limeshaanza kuuma.

Kambale lilikuwa jina walilompa Mhandisi Harmsen wa kampuni ya Velmora, wageni wenye shamba kubwa la mpunga juu kidogo ya Ubaruku. Velmora ilikuwa imetoa zawadi ya mitambo mitano ya kupima maji ya mto na mifereji, na mitambo hiyo ilirusha takwimu kwa setilaiti kila saa. Kwa mwaka mzima takwimu zilisema jambo moja: wakulima wadogo wa Ubaruku wanachota maji mara mbili ya kibali chao.

Saa nane mchana huo Baraza la Bonde, linalogawa maji ya mto, lingekaa Mbeya kupiga kura. Pendekezo lilikuwa malango ya wakulima wadogo yafungwe hadi mvua, na maji yote ya kiangazi yaende Velmora. Huo ulikuwa mwezi wa kuandaa vitalu. Bila maji ya vitalu hakuna miche, na bila miche hakuna msimu. Kaya elfu nne zingebaki zinatazama majaruba yaliyopasuka.

Wiki iliyopita Kitengo, idara ya usalama aliyoitumikia Tumpe kwa siri, kiligundua kwamba ndani ya kila mtambo kulikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama pakiti ya sigara, kilichobadilisha takwimu kabla hazijarushwa. Kazi ya Tumpe ilikuwa kukamata kisanduku kimoja kabla Harmsen hajaviondoa.

"Nipe umbali," alisema kwenye kinasa sauti cha kola.

"Kilomita mbili mbele yako." Nazia alikuwa Iringa, juu ya duka la vitambaa la baba yake pale Miyomboni, amezungukwa na kompyuta. "Anakwenda kituo cha tano. Vinne ameshavisafisha."

"Vinne?"

"Alianza alfajiri, dada. Sisi tulilala."

Tumpe aliongeza gesi.

Alifika akakuta Land Cruiser nyeupe inarudi nyuma, inasimama, inakwenda mbele, inarudi tena. Harmsen alikuwa anakikanyaga kisanduku kwa matairi. Alimwona Tumpe, akakata usukani, akatoweka ndani ya vumbi.

Tumpe aliinama. Vipande vya plastiki. Vingine vilikuwa unga.

"Nazia. Kimekwisha."

Vidole vya Nazia viligonga kibodi.

"Basi na sisi tumekwisha. Subiri, anapiga simu. Nakuunganisha."

Sauti ya Harmsen ilikuja kali. "Asubuhi umesema ulisaini. Ulisaini nini?"

"Msaragambo, bosi." Huyo alikuwa Sosthenes, msimamizi wake wa shamba. "Ule wa Septemba mwaka jana, wa kusafisha mfereji, siku tatu. Banio letu na lao la kuingizia maji mferejini ni moja, kila anayetumia hutoa watu. Nikapeleka vibarua kumi, nikasaini kwa niaba ya kampuni."

"Na maji?"

"Maji gani, bosi? Banio lilifungwa. Utaingiaje mferejini na jembe huku maji yanapita?"

"Mitambo yangu imeonyesha walichota siku hizo zote!"

"Hilo mimi silijui. Hukuniuliza."

"Daftari liko wapi?"

"Kwa katibu wa jumuiya yao. Mama Tekla. Mumewe ndiye yule msoma kipimo aliyefungwa."

Simu ilikatika.

Tumpe alibaki ameshika usukani. 

Msoma kipimo aliyefungwa. Liberatus Kalinga. Kwa miaka kumi na tisa alisoma ubao wa kupimia maji ya mfereji asubuhi na jioni, akaandika wastani wa siku. Takwimu zake zilipopingana na za mitambo, Kitengo kilimtuma Tumpe kuchunguza. Alikuta sifuri tatu mfululizo kwenye daftari lake. Mtambo ulionyesha maji mengi, mzee ameandika sifuri. Tumpe alizipigia mstari mwekundu, akaandika: *Mtumishi hakwenda kituoni. Anaghushi.* Akatia sahihi. Liberatus alifukuzwa kazi, akakaa mahabusu miezi minane, na ripoti ile sasa ilikuwa nguzo ya kura ya leo.

"Tumpe?" aliita Nazia. "Kambale naye anakwenda Ubaruku."

"Najua."

Alipita njia ya mkato, juu ya kingo za majaruba, akasimamisha pikipiki kwenye uwanja wa nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwanamke alikuwa anapepeta mchele. Mwanamume mwembamba alikuwa anaziba pancha ya baiskeli.

"Kamwene," Tumpe alisalimia kwa Kihehe, akijaribu kupunguza makali.

Tekla hakuitikia kwa Kihehe. "Karibu afande. Mwaka jana ulichukua mume. Leo umekuja kumalizia na mke?"

"Mama, nina dakika chache. Nahitaji daftari la msaragambo wa Septemba."

"Ehe! Leo ndiyo mmesikia kuna msaragambo?"

"Baba Kalinga," Tumpe alimgeukia Liberatus. "Zile sifuri tatu."

Liberatus aliendelea kusugua mpira kwa msasa. Alipozungumza, hakupandisha sauti.

"Siku hizo nilikwenda kituoni kama kawaida, asubuhi na jioni. Mfereji ulikuwa mkavu, watu wamo ndani na majembe. Ningeandika nini? Sifuri ni kipimo kama vipimo vingine." Alipaka gundi. "Nilianza kukueleza. Ukaniambia nijibu ndiyo au hapana. Ukauliza, uliandika sifuri? Nikasema ndiyo."

Tumpe alikumbuka. Alikumbuka hata saa aliyoitazama wakati ule, kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi Mbeya kabla ya chakula cha mchana.

"Nilikosea," alisema.

"Ulikosea ukiwa umekaa kwenye kiti," alisema Tekla. "Yeye alilala sakafuni."

Tumpe aligeuka kutazama barabarani. Mlio wa injini ulikuwa umeanza kusikika kutoka barabara ya mashine za mpunga.

Tekla aliusikia pia. Aliingia ndani, akatoka na daftari kubwa lililofunikwa gazeti. Hakumpa Tumpe. Alimpa mumewe.

"Nenda nalo wewe. Huyu simpi kitu."

Liberatus alipanda nyuma ya pikipiki, daftari kifuani. Land Cruiser ilijitokeza kwenye kona.

Risasi ya kwanza ilipasua debe la maji. Ya pili ilipita hewani.

"Shika!"

Yamaha ilipanda kingo za mfereji mkuu. Land Cruiser ikawafuata chini, sambamba, ikibomoa matuta. Tumpe aliigusa Glock ubavuni, akaiacha. Akiachia usukani wangeanguka wote wawili.

"Nenda kulia kwa ule mtaimbo uliochomekwa pale," Liberatus alisema sikioni mwake, taratibu kama anayesoma kipimo.

"Kulia hakuna njia!"

"Kwa pikipiki ipo. Pale chini mfereji unavuja, mwaka wa tatu huu. Juu pamekauka, ndani ni tope. Na yeye atakata kona."

Tumpe alikata kulia. Harmsen akakata kona.

Tani tatu za chuma zilipita kwenye ukoko mkavu mita kumi, kisha magurudumu ya mbele yakazama hadi kwenye taa. Injini ililia, ikakohoa, ikafa.

Tumpe alishuka, akashuka tuta bila kukimbia, Glock mbele yake.

"Bastola dirishani. Polepole."

Bastola ilidondoka topeni. Alimfunga Harmsen pingu kwenye usukani wa gari lake mwenyewe.

"Takwimu zangu zina sahihi yako," alisema Harmsen akihema. "Ukiniangusha unaanguka na wewe. Hilo umelifikiria?"

"Tangu saa nne," alisema Tumpe. "Nazia, waambie polisi wa Rujewa kambale kanasa. Waje na kamba ndefu."

Saa nane kasoro dakika tano, Mbeya.

Ukumbi ulikuwa umejaa: wanasheria wa Velmora, wakulima, waandishi na kamera zao. Mwenyekiti Isakwisa alikuwa ameinua ripoti yenye jalada la kijivu.

"Vyombo vyetu vya usalama vilithibitisha kuwa msoma kipimo alighushi. Kwa hiyo takwimu za mitambo ndizo—"

"Ripoti hiyo si sahihi."

Vichwa viligeuka. Kwa miaka tisa ya kazi ya siri uso wa Tumpe haukuwahi kupita mbele ya kamera. Kamera tatu ziliugeukia.

"Wewe ni nani?" aliuliza Isakwisa.

"Niliyeiandika."

Minong'ono. Sikioni Nazia alisema kwa sauti ndogo, "Dada, kazi ya siri imekwisha hapo." Tumpe alichomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni.

Alieleza kisanduku, banio, siku tatu. Liberatus akafungua daftari mbele ya mwenyekiti, kidole juu ya sahihi ya Sosthenes na muhuri wa Velmora: *Banio limefungwa. Vibarua 10.* Tarehe zilezile ambazo mitambo ilidai maji yalichotwa. Mwanasheria mmoja aliitazama sahihi, akaanza kukusanya karatasi zake.

"Kwa hiyo mtumishi aliyefukuzwa," Isakwisa alisema, "hakuwa na kosa?"

"Hakuwa nalo."

"Taja jina," alisema Liberatus. Hakumtazama. "Uliponifunga ulilitaja lote, mbele ya watu."

Tumpe alisimama wima. "Liberatus Kalinga hakughushi. Aliandika alichokiona. Mimi sikumsikiliza."

Pendekezo la kufunga malango liliondolewa bila kura. Mitambo mitano ilipigwa lakiri mchana uleule.

Nje, kwenye ngazi, Liberatus alikuwa anazungumza na Tekla kwa simu. "Maji yetu yamebaki. Ndiyo, yote. Loweka mbegu."

Alikata simu, akamwona Tumpe.

"Nikurudishe Ubaruku, baba?"

"Nitapanda basi," alisema. Hakuwa na hasira. Ilikuwa kama kipimo kingine tu, kilivyosomeka.

Tumpe aliinamisha kichwa. Aliondoa magazini kwenye Glock, akaifungia begini pamoja na kitambulisho cha kazi ya siri ambacho asingekihitaji tena, akavaa kofia ngumu.

Kisha akaitembeza Yamaha polepole hadi barabarani, kati ya waandishi waliokuwa wanapiga kelele maswali, akawasha, akaelekea Iringa kwa Nazia, kwenda kuandika ripoti mpya.