Kadi Isiyotaka Feni

Kadi ilikuwa baridi. Ni hilo tu.

Kinyozi mmoja, wenzake humwita Mkasi, alikuwa amecheza gemu la mbio za magari saa tatu mfululizo. Akafungua ubavu wa kompyuta yake mpya, akaigusa kadi ya picha kwa kiganja. Baridi kama maji ya mtungini. Mwenye akili angeshtuka. Mkasi akapiga picha, akawarushia wenzake: "Nyie endeleeni kuungua."

Kuiunda kompyuta hiyo hakukuwa mchezo. Miezi minane alidunduliza kichwa kwa kichwa, na kinyozi akisema kichwa anamaanisha kichwa kweli. Orodha ya vifaa aliiandika nyuma ya bango la mitindo ya nywele. Prosesa ya mtumba, lakini nzima. Mazabodi, ubao wa kuchomekea vyote, ya kati, isiyo na mataa ya kuwaka kama harusi. Ramu za kumbukumbu vijiti viwili, maana kimoja kikivuta peke yake kinachoka. Pawasaplai ya kugawa umeme hakuibania hata kidogo: ile ya bei chee ikilipuka inaondoka na ukoo mzima. Mpaka hapo alikuwa mjanja. Ujanja ulimtoka kwenye kadi.

Zilibaki pesa za kitu kimoja kati ya viwili: kadi ya wastani na feni tatu za kasha, au kadi ya nguvu, kubwa kama tofali, bila feni hata ya kufukuza nzi. Akamwandikia muuzaji wa mtandaoni: "Bila feni si itaungua?"

Jibu likaja: "Hiyo haitaki feni. Ina pepo wake."

Mkasi alicheka mpaka mteja akamwambia aweke wembe chini kwanza. "Huyu 'upepo' umemshinda kuandika! Herufi moja tu!"

Akalipa.

Sasa, chumba cha pili alilala dada yake mkubwa, mshonaji, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Cherehani yake haikujua kupumzika. Lakini Mkasi akiwasha gemu, cherehani inanyamaza. Hakugundua. Angegunduaje, na hedifoni zimemziba masikio?

Jumapili mchana dada akasimama mlangoni, gauni limemgandia kwa jasho.

"We mtoto, kuna moto gani humu?"

"Moto? Njoo ushike, dada. Barafu hii! Una homa wewe, meza dawa."

"Nimemeza. Nikilala nahisi kitu kinazunguka hapa kifuani. Kinazunguka tu."

"Basi wewe ndiye kompyuta. Nimetupa pesa zangu bure."

Siku zote dada angemrushia kandambili. Safari hii aligeuka akaondoka, akishika ukuta.

Zahanati walimpima damu mara mbili, hawakuona kitu. Siku ya nne nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua, na Mkasi akajidanganya kwamba harufu ameileta mwenyewe kutoka kazini, akaoga, akabadili shati, akaoga tena, na bado harufu ilikuwa inatoka chini ya mlango wa dada yake, nzito, ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyekimbia sana na sasa amesimama nyuma ya mlango anakusubiri ufungue.

Siku ya tano alikuja mteja wa dada kuchukua gauni lake, mama mwembamba mwenye miwani, ambaye kazi yake ni kupunga pepo. Alifika kizingitini, akasita.

"Kijana, humu kimeingia nini kipya?"

"Kompyuta tu, shangazi," Mkasi akanong'ona, akamwonyesha ule ujumbe, tena akitabasamu kidogo. "Huyu naye kaandika ovyo. Kakosea herufi."

Mama yule akausoma polepole.

"Baba, hakuna herufi iliyopotea hapa. Kaandika pepo, na kamaanisha pepo. Mwenye moto lazima apate pa kuupumulia. Wewe ulibania feni. Kajichukulia mtu."

Tabasamu likamkauka. "Nizime?"

"Ukizima sasa, atabaki huko aliko. Mwashe. Akiwa kazini ndipo huwa nusu huku, nusu kule. Nitamwita arudi kwenye kadi yake. Nikisema 'sasa', ichomoe. Papo hapo, umenisikia? Akikupita pumzi moja, simwezi tena."

Milango yote miwili iliachwa wazi. Mkasi akawasha, akaingia mbioni, na kila gari alilolipita dada yake aliguna ng'ambo ya ukuta, na kila alipokanyaga mafuta mguno ukageuka kilio, na sauti ya mama yule ikapanda juu ya kilio ikiita kwa maneno ambayo Mkasi hakuyajua, na harufu ya nywele ikajaa mpaka machozi yakamtoka, na mikono yake, Mungu amsamehe, mikono yake ilikuwa inaendesha vizuri kuliko siku zote, wa tano, wa tatu, wa pili, kona ya mwisho hiyo, na mbele yake hakuna mtu.

"Sasa!"

Kona moja tu. Aliimaliza, kisha akachomoa.

Kadi ilimbabua kiganja, ikaanguka sakafuni, ikapasuka katikati. Kilio kikakatika. Mama akatoka akifuta miwani, akasema homa imeshuka, akachukua gauni lake, akaenda zake. Hakuuliza kitu. Ile kona Mkasi hakumtajia.

Akaingia kwa dada. Amekaa kitandani, paji limekauka, anakunywa maji kwa utulivu. Mkasi akapiga magoti, akalia kama mtoto.

"Umepona, dada?"

"Nimepona." Alimpapasa kichwa. Chini ya shuka mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga godoro, taratibu, unaachia, unakanyaga. Mwanamke huyu hakuwahi hata siku moja kuitazama skrini ile.

"Ila ile kona ya mwisho," akasema kwa upole, "ungeniachia mimi."