Jaketi Zilitimia

Injini iliponguruma ng'ambo ya ukuta, Fundi Friji alikuwa amechuchumaa ndani ya magofu, akistaajabia mlango wa mawe ambao wajenzi wake walikwisha kusahaulika. Akadhani nahodha anageuza boti tu. Akajipangusa magoti bila haraka, akazunguka ukuta, na alipofika ukingoni boti ilikuwa inaishilia kwenye kona ya mto, wenzake wote wamempa kisogo.

Alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Injini ile haikuacha nafasi ya sauti ya mtu.

Kosa lilikuwa lake, tena la ujanja. Kanuni ya boti ilikuwa kila abiria ashuke na jaketi lake la kuokolea, na wakati wa kuondoka nahodha alihesabu jaketi, si vichwa, kwa sababu rangi ya chungwa huonekana hata na jicho bovu. Fundi, ili asinyang'anywe kiti cha kivulini, alilivua la kwake akaliegemeza kitini kama abiria aliyesinzia. Jaketi zikatimia. Yeye akabaki.

Alijiambia watarudi. Jua likapungua makali, hawakurudi. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza ni nani hasa angegundua kwamba hayupo, na jibu likamtia baridi. Mhudumu wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni alikuwa ameagizwa asimgongee mlango, hata kwa chakula. Simu ilikuwa chumbani inachajiwa. Mkewe alikuwa kaburini. Binti yake wa pekee alikuwa amemsihi akaishi kwake, na baba mtu akakimbilia mji huu wa mdomo wa mto, eti anataka kupumzika peke yake. Tangu hapo hakuwa amepokea simu yake hata mara moja. Basi upweke aliouomba ndio huu, umemjia wote kwa mkupuo.

Maji yalikuwa yamekupwa. Ng'ambo ya mkondo, juu ya mikoko, mnara wa simu wa mjini ulionekana karibu kwa udanganyifu. Akaamua kuvuka. Tope likamfika magotini, kisha mapajani. Chaza walioshika mizizi wakampasua muundi, damu ikachanganyika na tope. Alipoinua macho kutafuta njia, gogo lililokuwa limelala ukingoni lilijisukuma majini polepole, bila kishindo. Halikuwa gogo.

Alirudi kwa tumbo na viwiko. Hakumbuki alipandaje ukuta. Huko juu alichana shati akafunga kidonda, akikaza fundo kwa vidole vilivyozoea kuchomelea mirija myembamba ya friji.

Chupa yake ilikuwa tupu na maji ya mto yalikuwa ya chumvi. Kwenye pembe ya ukuta palikuwa na jiwe lililochimbika, limekinga mvua, na viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani. Akatandika leso mdomoni akayafyonza. Yalikuwa na ladha ya kutu na majani, akayanywa yote.

Giza lilipoingia, viboko walikuja kula majani chini ya ukuta. Aliwasikia wakitafuna na kupumua. Kuna wakati alianza kuongea nao, akiwaeleza habari za marehemu mkewe, jinsi alivyokuwa akikoroma kisha akikana. Alicheka peke yake, kisha akalia, na hakujisumbua kuficha uso kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona. Hilo ndilo lililomuuma kuliko muundi.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba, unawaka. Maji yalijaa tena yakafika shina la ukuta. Alijaribu kusimama, akakaa. Aliposikia injini hakuamini masikio yake, hata boti ilipochomoza konani akaendelea kukaa tu, akiitazama.

Nahodha alipanda ukuta mwenyewe. Uso ulikuwa umemshuka. Alimnywesha maji kidogokidogo, akatazama kidonda, akasema kitahitaji kushonwa. Kisha akamweleza kwamba binti alikuwa amepiga simu mapokezi tangu jioni, akijibiwa kuwa mzee amelala na hataki usumbufu. Alfajiri alitishia kuita polisi. Ndipo walipofungua chumba wakakuta kitanda hakijalaliwa, wakamkimbilia yeye na namba ya binti.

"Yuko hewani mpaka sasa," nahodha alisema, akamkabidhi simu yake.

Fundi aliishika kwa mikono miwili. "Ulijuaje, mwanangu? Mimi si huwa sipokei?"

"Hupokei, baba, lakini huwa unanikatia. Nikipiga, unakata. Basi najua uko hai, naendelea na kazi." Ikasikika anapenga kamasi. "Jana iliita mpaka mwisho. Nikapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Uko salama?"

Jibu lake la siku zote lilikuwa tayari ulimini: mzima, usijali, nitakupigia. Akalimeza.

"Siko salama," alisema. "Nimeogopa sana. Usikate."

Nahodha akamshusha mgongoni, akamlaza kivulini, akawasha injini. Njia nzima hawakusikizana neno kwa kelele zile, lakini hakuna aliyekata.